Upinde, umbali na nusu sekunde: somo kwa wapiga mishale wapya

Leo tuweke kando hifadhidata na mambo ya ofisini, tuzungumze michezo ya mtandaoni, ile ya ulimwengu wa kubuni wenye mazimwi, wachawi na mapanga. Nataka kuandika kuhusu mhusika mmoja tu: mpiga mishale. Nimecheza naye miaka mingi nikiwa hapa hapa Nakuru, na nina neno moja kwa anayeanza. Upinde si silaha ya mtu mwepesi wa vidole. Ni silaha ya mtu aliyechagua vizuri mahali pa kusimama. Kwetu sisi tunaocheza mbali na seva, neno hilo lina uzito kuliko kwa mchezaji wa London.

Nitatumia mfano wa RuneScape kwa sababu ndio mchezo ambao wengi wetu tuliufahamu kwanza. Kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliufungua Januari 2001. Uliandikwa kwa Java na ulifunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Hilo lilitufaa sana sisi wa saiba, maana mwenye saiba hakutaka mtu aweke programu kwenye mashine zake. Ulilipa shilingi moja kwa dakika, ukafungua ukurasa, ukasubiri, ukaingia. Mwaka 2013 Jagex walifungua Old School RuneScape, iliyojengwa kutokana na nakala ya mchezo ulivyokuwa mwaka 2007, na tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu pia. Kwa hiyo ninayoyasema yanafanya kazi hata leo, na sehemu ya bure inatosha kujifunzia.

Sasa tuje kwenye hiyo nusu sekunde. Seva ya mchezo huu haifanyi hesabu zake mfululizo. Inazifanya kwa mapigo, na kila pigo ni sekunde 0.6. Ukibofya adui, amri yako inasafiri hadi kwenye seva, inangoja pigo linalofuata, ndipo mhusika wako anatii. Kabla ya nyaya za TEAMS na SEACOM kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Amri ilipanda na kushuka, jibu nalo likapanda na kushuka. Jumla ni karibu kilomita 143,000. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo pekee ilikula sekunde 0.48 hivi, kabla hujaongeza foleni ya kompyuta kumi zinazogawana laini moja. Ukimwona adui anakuja, tayari ameshafika. Siku hizi mimi hupata kama sekunde 0.17 kwenda na kurudi hadi seva za Uingereza, lakini mtandao wa simu ukiyumba tunarudi pale pale pa zamani.

Mpwa wangu, aliye kidato cha pili, alichagua upinde mwaka huu. Bando anajinunulia kwa pesa zake za matumizi. Kwa wiki mbili aliuawa na kila kiumbe mwenye meno, na wachezaji wa ng'ambo wakamcheka hadharani. Akaniambia, "Mjomba, mimi nafuta huu mchezo. Mikono yangu ni mizito tu." Nikamwambia mikono yake haina neno. Alikuwa akiiga mbinu ya watu walio jirani na seva: piga, kimbia hatua mbili, geuka, piga tena. Mbinu hiyo inataka kila mbofyo ufike kwa wakati wake. Tulikaa chini jioni moja tukaanza upya. Haya ndiyo niliyompa:

1. Chagua dunia iliyo karibu. Mchezo umegawanywa katika dunia nyingi, na orodha yake inaonyesha kila moja iko nchi gani. Kutoka hapa, Uingereza au Ujerumani ni afadhali kuliko Marekani au Australia. Huo ni ushindi wa bure, hauhitaji hata mshale mmoja.

2. Jua wa kupigana naye. Kuna pembetatu: mishale humwonea mchawi, uchawi humwonea mwenye deraya, na mwenye deraya humwonea mpiga mishale. Usikimbilie wachawi wote lakini. Wale weusi wa kusini mwa mji wa Varrock nao hupiga kutoka mbali, kwa hiyo umbali hautakuokoa. Anza na kuku na ng'ombe wa karibu na Lumbridge. Hakuna aibu, wote tulianzia hapo.

3. Tafuta mahali salama kabla ya kuvuta upinde. Hapa ndipo penye siri yote, na ni jambo la programu. Adui wengi hawatafuti njia kama gari linavyofanya kwa ramani. Seva ina maelfu ya viumbe wa kusogeza katika kila pigo, kwa hiyo kila mmoja amepewa kanuni rahisi: punguza umbali kati yako na mchezaji. Kukiwa na ua, meza au jiwe katikati, hazunguki. Anasimama pale akisukuma. Mshale wako, kwa upande wake, hupita juu ya kitu kifupi kama ua, ingawa haupiti ukuta. Simama nyuma ya kizuizi cha namna hiyo na adui wa upanga au makucha hakugusi. Zima pia kitufe cha kujibu mapigo, maana mhusika wako anaweza kutoka mafichoni mwenyewe kumfuata adui.

4. Upinde mfupi au mrefu? Mfupi, ukiwekwa kwenye mtindo wa haraka, hupiga kila mapigo 3, yaani sekunde 1.8, na hufika miraba 7. Mrefu hufika miraba 10 lakini kwa mtindo huo huo hupiga kila mapigo 5, sekunde 3. Kwa kawaida mfupi ndio bora. Mrefu uchukue pale ambapo mahali salama pako mbali na adui.

5. Vaa ngozi. Deraya ya chuma humfanya mpiga mishale akose shabaha, hata kama inapendeza machoni. Na kwa kuwa upinde unashikwa kwa mikono miwili, huna ngao. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kusimama mahali pazuri.

6. Hesabu podo lako. Upinde wa kawaida hurusha mishale ya shaba nyeusi na ya chuma tu. Ukifika kiwango cha 5 unaweza kushika upinde wa mwaloni na kutumia mishale ya chuma cha pua. Mishale mingi haivunjiki, huanguka pale alipo adui. Ngoja afe, toka, okota, rudi mahali pako kabla hajazaliwa mwingine. Mshale ni pesa.

Mtihani wa mwisho wa jioni hiyo ulikuwa mnara wa wachawi, kusini mwa kijiji cha Draynor. Ghorofa ya juu kabisa kuna jini wa kiwango cha 82 aliyefungwa kwenye kizimba. Anapiga kwa makucha tu, hivyo aliye nje ya vyuma hamfikii, ila mishale inapita. Inayoanguka ndani huwezi kuiokota kwa mkono, kwa hiyo tulinunua ya bei rahisi. Ilichukua muda mrefu na mishale mingi. Intaneti iliyumba mara mbili na picha ikaganda kabisa, mara zote tukamkuta mzima. Jini alianguka na kijana hakuguswa hata mara moja. Umbali ule ule uliokuwa ukimuua kwa wiki mbili haukuwa na la kumfanya tena, kwa sababu uamuzi wote alikuwa ameufanya kabla ya mshale wa kwanza.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Waokiek wa msitu wa Mau, magharibi ya Nakuru, waliishi kwa asali na uwindaji muda mrefu kabla ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwindaji mwenye mshale wa sumu hakushindana mbio na mnyama. Alijificha, akasogea, akapiga mara moja, kisha akafuata nyayo polepole huku sumu ikifanya kazi. Subira ilikuwa sehemu ya silaha.

Na mtu wa Nakuru hawezi kuandika kuhusu mishale akanyamazia upande mwingine. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, mishale na mapanga vilitumika katika mitaa yetu. Watu waliuawa, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Mpwa wangu hakuwa amezaliwa. Nilimweleza jioni hiyo hiyo, kwa sababu alikuwa akicheka jini alivyoanguka, na sikutaka ajue neno hili "upinde" kutoka kwenye skrini peke yake. Katika mchezo, ukifa unaamka Lumbridge, unachukua upinde mwingine, unarudi kujaribu. Mitaani hakuna Lumbridge. Alinyamaza kidogo, akauliza maswali mengi, nikayajibu niliyoweza. Kisha tukaendelea kucheza, na sioni ubaya wake.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla hujasema mikono yako ni mizito, pima kwanza safari ya amri zako. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping na anwani ya seva, usome namba. Ikizidi 300, achana na mbinu za kukimbia na kugeuka, shika mahali salama. Ikiwa chini ya 100, una bahati, jaribu yote. Vyovyote iwavyo, tazama uwanja kabla ya kupiga.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaandika programu ndogo ya kupima muda huo saa ishirini na nne na kuchora grafu, ili ujue saa gani ya usiku inafaa kwa vita. Mchana mwema.