Mashoto katika Mchezo wa Ngumi

Lugha yetu imekwisha kuuhukumu mkono wa kushoto kabla sisi wenyewe hatujafungua kinywa. Mkono mmoja twauita wa kulia, maana ndio wa kulia chakula, na wazee wa pwani huuita wa kuume. Mwenziwe huitwa wa kike. Mtoto akipokea kitu kwa shoto hukaripiwa mbele ya wageni. Basi si ajabu kwamba hata katika mchezo wa ngumi, ambao najua wengi wenu huuhesabu kuwa kazi ya wahuni, kijana mashoto huamriwa ageuke. Habari hii nimeijua kwa karibu kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, nami nataka kuieleza kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sikulitazamia.

Sisi twakaa Sinza, katika jiji la Dar es Salaam. Mtaa huu ulipimwa viwanja katika miaka ya 1970, na ndiyo sababu njia zake zimenyooka kuliko zile za Manzese, jirani yetu. Mpwa wangu ana miaka 17. Kila jioni huenda katika ua mmoja ambamo vijana hufundishwa ngumi: gunia moja la kupigia limetundikwa mtini, matairi mawili makuukuu yamelala chini, na glavu ni chache, hata hupokezana zikiwa zingali na jasho la mwingine. Yeye ni mashoto tangu kuzaliwa. Kula hula kwa mkono wa kulia, kwani bibi yake hakumpa nafasi nyingine; lakini jiwe hulirusha kwa shoto, na panga hulishika kwa shoto. Siku ya kwanza alisimama ametanguliza mguu wa kulia. Mwalimu wa ngumi akamshika mabega, akamgeuza kama mtu ageuzaye kiti, akaendelea na wengine.

Yafaa nieleze maana ya kugeuzwa huko. Mpiganaji wa mkono wa kulia husimama ametanguliza mguu na mkono wa kushoto. Mkono huo wa mbele ndio upimao umbali na kumsumbua adui macho. Wa kulia hukaa nyuma karibu na kidevu, ukingoja, na ukitoka hutoka na nguvu za nyonga na mguu wa nyuma. Mashoto akiachwa alivyo, husimama kinyume cha hayo yote. Akigeuzwa, mkono wake wenye nguvu huja mbele, na ule dhaifu hurudi nyuma.

Hapo ndipo niliposhangaa. Mimi nami ni mashoto. Nilipokuwa darasa la kwanza, mwalimu mmoja alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa mpaka nikajifunza kuandika kwa wa kulia. Tangu siku hizo mkono ule haukushika kalamu tena, na hati yangu ubaoni hata leo wanafunzi huisoma kwa kubahatisha. Nilidhani katika ua ule mpwa wangu anatendwa vivyo hivyo. Kumbe katika ngumi mkono haunyang'anywi kazi, huhamishwa tu; na huko mbele una njia fupi zaidi ya kumfikia adui, hasa kwa ile ngumi ya kuzungusha itokayo ubavuni, ambayo huonekana ikiwa imekwisha fika.

Wako waliopata sifa kubwa kwa njia hiyo. Henry Cooper wa Uingereza alikuwa mashoto aliyesimama kama watu wa kulia. Tarehe 18 Juni 1963, huko Wembley, katika raundi ya nne, ngumi yake ya kushoto ilimwangusha chini Cassius Clay, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Muhammad Ali. Clay aliinuka, kengele ikamwokoa, naye akashinda katika raundi ya tano kwa sababu Cooper alikuwa amepasuka vibaya karibu na jicho. Lakini ngumi ile haijasahauliwa. Oscar De La Hoya wa Marekani, aliyepata medali ya dhahabu huko Barcelona mwaka 1992, naye ni mashoto aliyesimama hivyo, na Miguel Cotto wa Puerto Rico vilevile.

Nilimwendea mwalimu wa ngumi, nikamwuliza kwa heshima kwa nini amemgeuza kijana. Akanijibu, "Mwalimu, mimi nilifundishwa hivi. Nikisimama kinyume, miguu yangu yenyewe hainisikii, nitamfundisha nini?" Akaongeza kwamba vijana wote wa ua ule ni wa mkono wa kulia, na wakipambana na mashoto miguu ya mbele hukanyagana, mazoezi yakaharibika. Tena, asema, bondia hula kwa kupata mapambano, na mashoto hukwepwa. Hakuna atakaye kusumbuliwa na mtu wa kinyume kwa malipo kidogo.

Sababu hii ya mwisho naikubali, maana ni habari ya chakula. Lakini zile za kwanza ni za mwalimu na za wenzake, wala si za kijana. Nazitambua vizuri, kwani mwenye darasa la watoto wengi hutafuta lile liwafaalo walio wengi.

Nami sikukosa la kumjibu. Kama mashoto hukwepwa, si kwa sababu ana kitu wasichokiweza? Mashoto ni kama mmoja katika watu kumi. Yeye hupambana na watu wa kulia kila siku ya mazoezi. Wao hukutana naye mara chache, wakapotea. Mnakumbuka katika kitabu cha Waamuzi jinsi Ehudi alivyoufunga upanga katika paja la kuume, mahali pasipotazamiwa, akamwendea Egloni mfalme wa Moabu. Tena alikuwa wa kabila la Benyamini, jina ambalo maana yake ni mwana wa mkono wa kuume! Na karibu nasi, Ayub Kalule wa Uganda alisimama kwa shoto, akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa huko Havana mwaka 1974, na mwaka 1979 akatwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa huko Japani. Mwaka 1981 Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, naye mpiganaji wa shoto, akawa bingwa wa dunia. Hao hawakugeuzwa.

Mwezi uliopita mpwa wangu alipigana na kijana wa Temeke. Katika raundi ya kwanza ngumi yake ya kuzungusha iliingia mara mbili, watu wakapiga kelele. Yule kijana hakuwa mjinga. Akainua mkono wake wa kulia ukakaa shavuni kama ukuta, na tangu hapo mpwa wangu hakuwa na la kufanya. Mkono wake wa nyuma ulitoka polepole, nao uliogopwa na hakuna. Alishindwa kwa pointi. Njiani aliniambia, "Mjomba, huu wa kulia nikiurusha, naona kama naurusha wa mtu mwingine."

Dada yangu angefurahi aache kabisa, na jicho lake lililovimba lilimpa maneno ya juma zima. Lakini kijana hataki kuacha. Nikarudi kwa mwalimu wake, nikamwomba amwache asimame apendavyo walau siku mbili katika juma, ili aijue njia zote mbili, kisha achague mwenyewe. Alinyamaza kitambo, akifuta glavu kwa kanga kuukuu. Amekubali siku moja, Jumamosi, tena baada ya wengine kwenda zao.