Meza ya Karata na Samaki wa Feri

Anayetaka kuijua Feri na aende asubuhi na mapema. Kutoka kituo cha mwendokasi pale Kivukoni ni hatua chache tu hadi soko la samaki, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Jirani hapo pantoni inavusha watu na magari kwenda Kigamboni, na ukifuata bahari kurudi mjini unayakuta makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, Azania Front na la Mtakatifu Yosefu.

Tulikwenda wanne wa umoja wa wanawake, Jumamosi moja, kununua samaki wa chakula cha mchana nyumbani kwa mwenzetu Kariakoo. Mnada ulikuwa umepamba moto: changu, kolekole, vibua na jodari wakipangwa na kunadiwa kwa sauti. Sisi wauguzi hatununui kwa macho ya njaa. Tunatazama jicho liwe angavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Jodari na vibua wanahitaji barafu tangu wanapovuliwa, kwani wakikaa juani hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuuma kichwa, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga.

Nyuma ya vikaango tuliona meza ya mbao, miguu yake imefungwa kamba. Wavuvi walikuwa wakicheza karata. Mama lishe alipofika na sufuria ya supu ya pweza alisema, "Haya baba zangu, kusanyeni karata, chakula kimekuja." Wakakusanya bila ubishi, naye akapangusa meza kwa kitambaa cha maji na kupanga bakuli. Wenzao wawili kando waliendelea na drafti yao ya vifuniko vya soda.

Kumbe si ajabu meza na karata kukutana. Maneno yote mawili tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na Vasco da Gama. Hata turufu, kopa, shupaza na pau ni maneno yao. Kabla ya hapo watu wa pwani walikula mkekani, na wengi bado hula hivyo, wakizunguka sinia moja. Huko Ulaya, katika karne ya 18, mafundi walitengeneza meza za karata zenye uso wa kukunja na kitambaa cha kijani ndani, ili mchezo ukiisha meza irudie kazi nyingine.

Meza ya namna hiyo ndiyo iliyotupeleka Kariakoo. Shemeji yetu aliinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama nchi. Ni ya duara, upana wa sentimita 120. Juu ina kifuniko cha mbao cha vipande viwili. Ukikiondoa unakuta uwanja wa kitambaa cha kijani, ukingo laini wa kuegemeza mikono, na vishimo vya vikombe na vya vile vidude vya kuhesabia fedha za mchezo wa poka.

Mwenzetu alituuliza jikoni, huku tukipara samaki: "Dada zangu, hivi ni sawa kumwombea mtoto chakula juu ya meza ya kamari?"

Tuliianza meza yenyewe. Kwa kula, watu sita wanakaa vizuri, kila mmoja akipata kama sentimita 60. Wakiwa wanane viwiko vinagongana. Duara linafaa familia, maana hakuna anayekaa mbali na bakuli. Tatizo ni pale vipande viwili vinapokutana: mchuzi unapenya, kitambaa kinalowa na kuota ukungu, na harufu ya samaki haitoki. Tulimshauri atandike plastiki nene chini ya kifuniko, au awaone mafundi wa Keko wamtengenezee kifuniko kimoja cha mninga, chenye ukingo kwa chini kisiteleze. Vile vidude vifungiwe, kwa kuwa mtoto mdogo huweza kukabwa navyo.

Lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Jumamosi jioni marafiki wa mumewe walianza kwa kucheza tu, kisha wakaanza kuweka fedha. Mwanawe wa darasa la tano ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kutafuta chenji.

Shemeji alipoingia kula, mkubwa wetu alimwambia kwa upole, "Shemeji, tunashukuru kukukuta nyumbani."

"Si ndiyo, mama? Bora hapa kuliko baa."

"Ni kweli. Ila huyu anayetafuta chenji naye anajifunza. Hata sheria inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari."

Akanyamaza. Tulikula changu wetu kwa wali na kachumbari. Mwisho akasema, "Nimesikia, mama zangu." Hakuahidi zaidi ya hapo, nasi hatukumsukuma.

Mwezi uliofuata mwenzetu alitueleza kuwa fedha zimeondoka mezani, na marafiki wawili nao hawaji tena. Mumewe alikaa mnyonge majuma kadhaa. Sasa anawafundisha watoto karata kwa vifuniko vya soda, na saa ya chakula ikifika yeye mwenyewe hurudisha kifuniko.

Akina mama wenzetu, meza ikija nyumbani kwa bei nafuu msiikatae kwa sababu ya kitambaa cha kijani. Ulizeni nani atakaa pale, saa ngapi, na ni fedha ya nani itawekwa juu yake. Na mkienda Feri, bebeni ndoo yenye barafu.