Jina la Askari Lisahihishwe

Marehemu babu yangu wa Likoni alikuwa askari wa Keya, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyovuka mto Chindwin nchini Burma, Desemba 1944. Daftari moja lilimwandika Hamisi, jingine Khamis. Mtu mmoja akawa wawili, na nishani haikumfikia. Aliomba kosa lisahihishwe hata akafa. Sasa naomba mimi, wala sitaki fedha.

Si yeye peke yake. Sanamu za askari na wapagazi mjini Mombasa zawasifu wafu wa vita vya 1914 hadi 1918 bila kutaja jina hata moja. Na mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina.

Enyi makarani, kalamu ni amana. Msomeeni mtu mlichoandika kabla ya kupiga mhuri.