Laptopu ya GB 2

Mhadhiri wetu husisitiza tuseme kipakatalishi, lakini hapa hosteli, Kampala, sote tunasema laptopu. Yangu niliachiwa na kaka yangu alipopata kazi. Ina RAM ya GB 2 na diski ya zamani inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Usiku chumba kikitulia naisikia ikikwaruza. Nilipoanza kuandika tasnifu yangu kuhusu methali za Kinyankore na za Kiswahili, taabu ikaanza. Nikifungua Word, kivinjari na PDF mbili kwa pamoja, mshale uliganda. Nilichapa neno, nikangoja, likatokea baadaye.

Rafiki yangu wa kozi ya kompyuta akanieleza. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye faili maalumu ndani ya diski. RAM hujibu kwa nanosekunde, diski kama yangu kwa milisekunde, ndiyo maana mashine huonekana imelala. Akasema, "Dada, lizime hilo faili. Itabaki kutumia RAM tu." Nikaona ni hoja. Nikaingia kwenye mipangilio ya mfumo, nikachagua faili lisiwepo, nikaiwasha upya. Na kwa kuwa nilishanogewa, nikazima pia Word isijihifadhie nakala kila baada ya dakika kumi, eti napunguza mzigo. Hilo lilikuwa wazo langu mwenyewe, rafiki yangu hahusiki.

Kwa siku mbili ilikwenda vizuri. Siku ya tatu nilimpigia bibi yangu, Mbarara, anieleze matumizi ya methali kumi na moja. Alizungumza kwa saa nzima, nami nikichapa moja kwa moja, bila daftari. Nilipofungua kivinjari kutafuta methali moja ya Kiswahili, ukatokea ujumbe kwamba kumbukumbu imepungua, nifunge programu. Kabla sijafunga chochote, Word ikajifunga yenyewe. Kurasa sita zikaenda.

Kosa nililielewa baadaye. Kuliondoa lile faili hakuongezi RAM hata kidogo. Ni kama mwenye chumba kimoja kubomoa stoo yake akitumaini chumba kitapanuka. Mzigo ni uleule, ila sasa hauna pa kwenda. Nililirudisha faili, nikalipa ukubwa usiobadilika wa MB 3072, yaani RAM mara moja na nusu, ili lisiwe likitanuka na kusinyaa vipande vipande kwenye diski. Nikazima madoido ya madirisha na programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe asubuhi. Hizo ndizo zilizosaidia zaidi kuliko yote, na hakuna aliyekuwa amenitajia. Bado ni nzito, ila haigandi, mradi nifungue PDF moja moja.

Nilimpigia bibi tena kesho yake, kwa aibu. Alicheka, akauliza, "Mjukuu wangu, mashine imesahau au wewe?" Akaanza upya. Nane alizieleza kama mwanzo. Tatu alizieleza kwa namna nyingine kabisa, na nilipomkumbusha ya jana alisema hakumbuki kusema hivyo. Safari hii niliandika kwa kalamu. Kwenye tasnifu zimo hizo za siku ya pili, na kila nikizisoma natafuta kichwani zile za kwanza zilikuwaje.