Mshipi mrefu wa babu

Bwawa la Igombe, nje ya mji wa Tabora, halina mkondo. Perege wake hawana haraka. Hugusa chambo, huondoka, hurudi. Ndiyo maana babu hutumia ndoano ndogo. Nailoni huizungusha mara tano kabla ya kukaza fundo, maana huteleza. Boya ni kipande cha kandambili, chambo ni ugali uliokandwa mpaka ukanata.

Mjukuu wake hana subira. Huingia majini hadi magotini ili atupe mbali, tena saa sita mchana! Huo ndio wakati vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono wa ukingoni, na dakika chache zinatosha kupenya ngozi. Mwaka jana alikojoa damu, akapewa praziquantel, akapona. Lakini dawa hiyo haizuii kuambukizwa tena. (Kula perege hakuleti kichocho, wasiwasi huo uacheni.)

Wapagazi wa zamani waliotoka Tabora kwenda Ujiji hawakuwa na namna, ilibidi wapite vinamasi vya Malagarasi. Mvuvi wa ndoano anayo. Babu amekata mwanzi mrefu zaidi na kuongeza mshipi. Jumamosi walirudi na perege wanne, suruali ya mtoto ikiwa kavu.