Asali ya Jirani Yetu

Kiburi ni dhambi yenye hila. Mwizi anajua kwamba ameiba, na mlevi kesho yake anaumwa kichwa. Lakini mwenye kiburi hulala usingizi mzuri, akijiona mtu wa haki. Sisi tunaoandika haya ni katekista wa Kabalo, kando ya mto Lualaba. Tulisoma seminarini, kisha tukawafundisha wakatekumeni miaka mingi habari za Mfarisayo na mtoza ushuru. Hata siku moja hatukufikiri kwamba Mfarisayo ni sisi.

Kila mtu wa jimbo la Tanganyika anajua mambo yaliyotupata. Tangu mwaka 2013 Waluba na Watwa walipigana huku Kabalo, na Manono, na Nyunzu. Vijiji viliteketea, watu mamia ya maelfu wakakimbia. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya wakimbizi Watwa huko Nyunzu ilishambuliwa, wakauawa watu 30 au zaidi. Mwezi wa Februari 2017 wajumbe wa pande mbili walikutana Kalemie kutafuta amani.

Vita ile ilikuwa na sababu nyingi. Lakini kabla ya mshale wa kwanza kulikuwa na dharau. Mtwa alilima shamba la Mluba kutwa nzima, akalipwa mihogo kidogo, au kikombe cha lutuku. Kula naye sahani moja, hapana. Na sisi Waluba tuliofanya hivyo, wengi tulikuwa tumebatizwa.

Vita ilipotulia, baba mmoja Mtwa, mkristu, alikuja na jamaa yake kujenga karibu nasi. Mara tatu tulimpelekea unga na chumvi, tukajisifu moyoni kwamba tunatimiza amri ya mapendo. Mtoto wetu alipobatizwa, baba huyu akatuletea chupa ya asali ya porini. Tulimshukuru sana. Alipoondoka, asali ikawekwa juu ya kabati, wala hakuna aliyeigusa, kwa maana tangu utoto tulizoea kusikia kwamba chakula cha Mtwa hakiliwi.

Miezi miwili baadaye alipita nyumbani, akaiona chupa imejaa, vumbi juu yake. Hakusema neno. Jumapili ile hakuja kwenye Misa, wala Jumapili iliyofuata, wala jamaa yake. Tukaenda kumwuliza kama ni mgonjwa. Akajibu:

– Mimi mzima, Mwalimu. Unga wako nilikula wote. Asali yangu hukuionja. Sasa uniambie: mimi ni ndugu yako, ao ni maskini wako?

Sisi wenye masomo mengi tulikosa jibu. Ndipo tulipoelewa kwamba hata kutoa kunaweza kuwa kiburi. Anayetoa husimama, anayepokea huinama. Na sisi hatukutaka kuinama mbele ya Mtwa. Bwana wetu hakufanya hivyo. Penye kisima aliomba maji kwa mwanamke Msamaria, ingawa Wayahudi hawakushirikiana na watu wale.

Tukarudi nyumbani, tukaifungua chupa mbele ya watoto, tukala wote. Kesho yake tulikwenda kuomba msamaha, tukala naye bukari na sombe katika sahani moja. Tangu siku ile majirani wawili wa jumuiya yetu hawali tena kwetu. Na baba yule amerudi kanisani, lakini bado huketi karibu na mlango. Hatumlaumu. Dharau ya miaka mingi haiondoki kwa mlo mmoja.

Ndugu wapenzi, tunapojitayarisha kwa kitubio, tusijiulize tu ni nani tuliyemtukana. Tujiulize pia ni nani ambaye hatukubali kupokea chakula mkononi mwake. Hapo kiburi chetu kimejificha. Sote tunapokea Mwili mmoja wa Bwana. Tutakataaje asali ya ndugu?