Mwanga kwa Ajili ya Uso

Msimu wangu wa kazi huanza mpunga ukishavunwa. Hapo Ifakara haikosi harusi wala sendofu, nami hutoka Mlabani kwa bodaboda, begi la kamera mgongoni na stendi mapajani.

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Canon 5D Mark II, ya mtumba kutoka Kariakoo. Ilipotoka mwaka 2008, upande wa video ilikuwa ikijipangia mwanga yenyewe. Juni 2009 kampuni ikatoa programu mpya iliyomwachia mpigaji aupange mwenyewe. Uhuru huo nimeutumia maisha yangu yote ya kazi, na sababu kubwa ni shela.

Bibi harusi anaingia ukumbini, shela jeupe limejaa kwenye picha. Kamera iliyo kwenye oto haijui harusi. Inapima mwanga wote na kuuvuta katikati. Ikiona weupe umezidi, inapunguza, na uso wa yule binti, ambao ndio mama yake atautafuta kwenye video, unazama gizani. Wapambe wenye suti nyeusi wakikatiza mbele, inaongeza tena. Shela linaungua, shanga na nakshi zote zinapotea.

Kwa hiyo naanza na shata. Narekodi fremu 25 kwa sekunde, shata naifunga kwenye 1/50 na siigusi tena. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa shata hiyo taa za tyubu hazichezi kwenye video. Kisha namwomba mmoja wa wapambe aketi kwenye kiti cha maharusi, nipange lenzi na ISO kwa kuutazama uso wake. Michirizi ya kuonya, ile inayotokea kwenye skrini mahali mwanga unapozidi, naiweka asilimia 95, kulinda shela tu. Miongozo mingi hutaka mwanga wa uso ufike asilimia 70, lakini hiyo ni ngozi ya Mzungu. Uso mweusi wa Mndamba au Mpogoro ukiusukuma hadi huko unapauka, mwenyewe hajitambui. Mimi huuacha karibu na 50. Watu wetu wana haki ya kuonekana walivyo, na hilo sibishani na mteja wala fundi mwenzangu.

Nje ndiko kugumu. Tangu daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384 kuvuka Mto Kilombero, lifunguliwe mwaka 2018, maharusi huniomba niwapeleke huko. Jua la bonde ni kali mno kwa 1/50, hivyo navisha lenzi kichujio cheusi cha kuzungusha.

“Mzee, wingu linakuja toka Udzungwa,” kijana ninayemfundisha huniambia. “Nirudishe oto?”

“Acha. Shika kichujio, fungua pole pole kadiri kivuli kinavyoingia. Macho kwenye uso wa bibi harusi, mto uache.”